Antena Iliyogeuzwa Alhamisi

Mama Redio aliapa kwamba alimwona kwa macho yake mawili. Alikuwa anaanua nguo Alhamisi alasiri, alisema, alipoona jitu refu kama mlingoti, limevaa shati la kijani la kampuni ya mnara, likipanda ngazi ya Fundi Hewa. Likafika juu ya paa, likageuza antena, likashuka mbio kama paka aliyeiba nyama.

"Na lilipofika chini likanikonyeza!" alimaliza.

"Asubuhi hukusema habari ya kukonyezwa," mshonaji wa nyumba ya pembeni alimkumbusha.

"Asubuhi nilikuwa bado natetemeka."

Jirani huyo hakuitwa Mama Redio bure. Ilikuwa Jumamosi mchana, na tangu kabla ya saa nne mtaa mzima ulikuwa na habari. Fundi Hewa alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, uso umekunjamana. Ndani, binti yake, aliyemwita Sisimizi kwa udogo wake, aliinamia daftari la malalamiko akajifanya anaandika.

Kazi ya baba yake ilikuwa kusambaza intaneti isiyotumia waya. Antena juu ya paa lao ilirusha mawimbi kuelekea madukani, na kila mteja alikuwa na kisahani ukutani cha kuyanasa. Kwa kuwa hakuna aliyeyaona mawimbi hayo, watu walimtania kwamba anawauzia hewa. Kisha kampuni kubwa ikasimamisha mnara nyuma ya soko. Mawakala wake wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakiahidi kasi mara tatu.

Tangu hapo baba alishinda juu ya mapaa ya watu, akihakikisha hakuna mteja anayelalamika. Mama alikuwa kazini mji mwingine, na alirudi mwisho wa mwezi tu. Sisimizi akitoka shule aliikuta nyumba kimya, na simu ya wateja juu ya meza. Iliita, akapokea, akaandika. Hakuna aliyepiga kumuuliza yeye hali.

Zamani alikuwa na rafiki, nyumba ya pili tu. Walikuwa wakiitana dirishani hadi watu wazima wakaziba masikio. Muhula uliopita familia ya rafiki huyo ikahamia ng'ambo ya bonde. Waliondoka na kisahani chao, lakini huko mawimbi hayakufika, na kishikwambi cha rafiki yake kikabaki kama kibao cha kukatia vitunguu.

Ndipo Alhamisi ile Sisimizi akavaa koti kuukuu la baba, la kijani, asichafue sare ya shule. Akachukua spana, akapanda, akalegeza nati mbili na kuielekeza antena bondeni. Akashuka na kumpigia rafiki yake tena na tena, hadi sura yake ikatokea kwenye simu.

"Nakuona!" rafiki akapaza sauti. "Hata pua yako naiona!"

Wakacheka bila sababu. Sisimizi aliazimia kuirudisha antena jioni ileile. Jioni ilipofika akajipa siku moja zaidi. Na siku hiyo moja, simu ya wateja haikupumua: duka la dawa, mshonaji, mwalimu mstaafu, wote hawana mtandao. Baba alikagua kila paa la mteja Ijumaa nzima. Jumamosi asubuhi ndipo alipofikiria kutazama la kwake. Akaikuta antena imegeuka, akairudisha, na Mama Redio akamwambia aliyoyaona.

Sasa baba alishika barua ya mashtaka kwa kampuni ya mnara. Wateja kumi na wawili walikuwa wametia saini.

"Wakala wao mrefu ni mmoja tu," alisema. "Leo hii wamfukuze."

Sisimizi alimjua kijana huyo. Alikuwa akipita kwenye vumbi na makaratasi yake, akisalimia kila mtu. Lakini katika nyumba ile alikuwa amebaki na baba tu. Naye akimkasirikia, atabaki na nani?

"Baba, usiende."

"Kwa nini?"

"Ni mimi niliyegeuza."

Baba akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Wewe? Mama Redio amesema jitu!"

"Nilivaa koti lako."

Akamweleza yote, kuanzia bonde mpaka pua. Baba akakaa kwenye kiti taratibu. Mwishowe aliichana barua vipande vinne.

"Vaa viatu. Tunakwenda kuwaambia."

Walipita mlango kwa mlango. Mwenye duka la dawa alisema ameshajiunga na mnara, wamsamehe. Mwalimu mstaafu aliguna tu. Mshonaji aliweka mkasi chini akacheka.

"Mama Redio!" aliita. "Njoo umwone jitu lako!"

Mama Redio akampima Sisimizi kutoka kichwani hadi miguuni. "Basi koti ndilo lililonikonyeza," alisema, akarudi zake ndani.

"Mimi nabaki kwako, Fundi," mshonaji akasema. "Wale wa mnara mtandao ukikatika wanakwambia subiri. Wewe unakuja mwenyewe na kusema kosa ni lako."

Nje, baba akasimama.

"Sikiliza, mwanangu. Mnara wao ni mrefu kuliko nyumba yetu, na kasi yao siiwezi. Tunawazidi kwa jambo moja: nikimwambia mteja ukweli, anajua ni ukweli. Ningepeleka barua ile, ningekitupa hicho tulichonacho, na mtu angepoteza kazi bure. Kosa umelifanya, na siku mbili ukalificha. Lakini umelisema kabla halijamwangukia mwingine. Ukikosea tena, sema siku hiyohiyo."

"Ndiyo, baba."

Kisahani cha mshonaji kilikuwa kimelegea, kwa hiyo baba akaegemeza ngazi ukutani na kupanda. Sisimizi akaishika kwa chini kwa mikono miwili. Kutoka pale aliona soli za viatu vya baba tu, na juu yake anga.

"Baba," alisema, "Jumatatu nikitoka shule, naweza kuja huko utakakokuwa? Nitakaa tu pembeni, sitakusumbua."

Juu, spana ilisimama. "Njoo," baba akasema, nayo ikazunguka tena. Sisimizi akaendelea kushika ngazi.