Swali la Mdogo katika Schattkar

Kila asubuhi kabla ya shule Notburga, ambaye kila mtu alimwita Burgi, aliwapelekea ng'ombe majani makavu, akazoa samadi, akamshikia mama yake ndoo ya maziwa. Kazi hiyo haikubadilika hata siku za mapumziko. Ndiyo maana Jumamosi iliyofuata sikukuu ya Mtakatifu Martin mnamo Novemba, siku ya safari ya kwanza ya skii, aliamka mapema kuliko desturi yake, akamaliza zizi kwanza, ndipo akachukua ukutani skii zake, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, na kuzibandika kanda za ngozi ambazo huzuia mtu asiteleze kurudi nyuma anapopanda.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kaka yake, Korbinian, alimpita kwa miaka mitatu, na katika kijiji kizima cha Lahnegg hapakuwa na kijana aliyeteremka mlima kama yeye. Shule ya michezo huko mjini ilikwisha kumkubali. Angeanza baada ya Krismasi.

"Burgi, umekula?" Korbinian aliuliza akiwa mlangoni, mkate mdomoni.

"Nimekula. Wewe unakula mara ya pili."

"Ya tatu. Ukimwambia mama nakuacha mlimani."

Mjomba wao Wendelin, mwongoza watu milimani, aliwasubiri nje ya zizi pamoja na Veit, mwana wa mwoka mikate. Kila mmoja alipita mbele ya mjomba taratibu, naye akasikiliza kama kifaa cha ishara kilichofungwa kifuani, cha kumtafutia mtu aliyefukiwa na theluji, kinalia. Kisha akakagua makoleo na fito ndefu za kudunga thelujini. Hakuna aliyefanya mzaha wakati huo. Mzaha ulikuja baadaye.

"Haya Yona," Veit alinong'ona walipoanza kupanda, "leo mji gani unaangamia?"

Jina hilo Burgi alilibeba tangu majira ya baridi yaliyopita. Katika bonde lile kuna desturi ya zamani: kabla ya kuvuka mteremko wa hatari, kiongozi husimama na kuuliza, "Umeona nini? Umesikia nini?" Swali hilo huanzia kwa aliye mdogo kuliko wote, wala mkubwa hana ruhusa ya kufungua kinywa kabla yake, kwa kuwa mkubwa akitangulia, mdogo hufuata sauti yake badala ya masikio yake. Na mdogo akisema turudi, wote hurudi. Majira yaliyopita Burgi alisema turudi. Wakarudi. Mteremko ule ukakaa kimya wiki nzima, na vijana wa kijiji cha pili wakauteremka wakiimba. Tangu hapo Veit akambatiza Yona, nabii aliyeutangazia mji maangamizi yasiyokuja.

"Mwache mdogo wangu," Korbinian alisema bila kugeuka.

"Namtania tu, jamani! Nabii akitaniwa haumii."

Theluji ilikuwa changa. Chini kabisa majani yalichungulia, na juu mawe yalifunikwa kidogo tu, kama mkate uliopakwa siagi na mtu bahili. Wengi wa Lahnegg husema kwamba theluji ya Novemba haiui, kwa sababu ni kidogo. Neno hilo si la kweli. Ile iliyoanguka Oktoba katika pande zisizopata jua ilikuwa imebaki pale, ikakauka kwa baridi na kugeuka chembechembe kama sukari, zisizoshikana hata kidogo. Juu yake, usiku wa Alhamisi, upepo ulikuwa umelundika theluji mpya iliyogandamana kama ubao. Ubao juu ya sukari: ukikanyagwa huguna, hupasuka, na mteremko wote huporomoka! Watoto wa shule ya Lahnegg hufundishwa jambo hilo kabla ya kufundishwa kugawanya.

Walipanda katikati ya misonobari kwa mstari mmoja: mjomba mbele, nyuma yake Korbinian, kisha Veit, na Burgi mwisho. Walipotoka mitini na kuingia katika uwanda mdogo, mjomba na Korbinian walikwisha kutangulia, na upepo ulikuwa ukivuma masikioni mwao. Hapo ndipo Burgi aliposikia.

Wumm.

Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa mguno wa chini, kama ng'ombe anayelala kwa uzito, na theluji chini ya skii zake ikashuka kwa upana wa kidole. Ufa mwembamba ukakimbia kutoka kwenye ncha ya skii yake hadi kwenye jiwe. Veit alisimama ghafla. Uso wake ulibadilika. Kisha akageuka na kucheka.

"Usitoe macho hivyo, Yona. Hilo ni tumbo langu. Sijanywa chai."

Burgi alitaka kupaza sauti. Alifungua kinywa, akayaona macho ya Veit yakimngojea, akakifunga.

Katika ukingo wa Schattkar, bonde lililopinda kama bakuli na lisiloliona jua tangu Oktoba, mjomba alichimba shimo kwa koleo lake. Alilichimba pale ukingoni, mahali ambapo jua la adhuhuri lilikuwa likigusa. Alipapasa tabaka za theluji kwa kidole, akaridhika. Kisha akainuka na kuuliza kama desturi inavyotaka.

"Burgi. Umeona nini? Umesikia nini?"

Nyuma ya bega la mjomba, midomo ya Veit ilitamka bila sauti: Yo-na.

Korbinian alikuwa akiutazama mteremko kwa hamu ya mtu aliyengoja tangu Aprili. Burgi alimtazama kaka yake, akamtazama Veit, akatazama ncha za skii zake.

"Sijasikia kitu, Mjomba."

"Veit?"

"Shwari kabisa."

"Korbinian?"

"Mimi niko tayari tangu jana."

Mjomba alivuka kwanza, peke yake, akafika upande wa pili na kuinua mkono. Korbinian akafuata. Alikuwa katikati, karibu na miamba ambapo theluji ilikuwa nyembamba, Burgi alipouona mteremko ukipasuka juu yake kwa mstari mmoja, kama sahani inayovunjika. Hapakuwa na ngurumo. Theluji yote ilianza tu kwenda, na Korbinian akaenda nayo. Mkono wake ulionekana mara moja. Kisha hapakuwa na mkono.

"Badilisheni vifaa! Tafuteni!" mjomba alipiga kelele kutoka ng'ambo, akishuka.

Burgi aliteremka hata hajui ameteremkaje. Kifaa chake sasa kilisikiliza badala ya kuita, na tarakimu za umbali zilipungua kila alipokaribia miamba ya chini. Zilipoanza kupanda alirudi nyuma, akapiga magoti, akachoma ufito mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Ukagota kwenye kitu kilichokuwa laini kuliko jiwe.

"Hapa! Veit, chimba! Chimba, mpumbavu wewe!"

Veit alikuwa akilia kwa sauti, lakini alichimba. Mjomba alipofika walikuwa wamekwisha kuona kofia ngumu, kisha uso, na uso ulikuwa na rangi ya majivu. Mjomba aliingiza kidole kinywani mwa Korbinian na kuitoa theluji. Wakangoja. Kijana akakohoa, akavuta pumzi, akapiga ukelele. Maana mguu wake wa kulia, ulioburutwa juu ya miamba isiyofunikwa vizuri, ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu wa mwanadamu hauna kiungo.

Helikopta ikaja ikamchukua.

Jumapili, padri alimtaja Burgi katika mahubiri: msichana aliyemfufua kaka yake kaburini. Wanawake wakamletea mama yake keki za asali. Wanaume wakasema mlangoni mwa kanisa kwamba mlima haukutoa dalili yoyote, na kwamba bila yule mtoto wangekuwa wanachimba kaburi. Mwoka mikate, baba yake Veit, alimshika Burgi kichwani kwa mkono uliojaa unga. "Shujaa wetu," alisema. Burgi alikwenda nyuma ya ukuta wa kanisa akaupangusa unga ule nyweleni.

Siku chache baadaye mama alirudi kutoka hospitali ya Innsbruck. Mfupa ungeunga, alisema, lakini goti lilikuwa limekwisha. Kijana angetembea kwa fimbo. Kisha aliondoa ile barua ya kukubaliwa na shule ya michezo iliyokuwa imebandikwa jikoni, akaiweka ndani ya kabati.

Jioni hiyo, zizini, Burgi aliiweka ndoo chini.

"Mama," alisema. Mjomba Wendelin alikuwa pale pia, akimfunga ndama kamba. "Mama, nilisikia. Kwenye uwanda. Theluji iliguna na ikapasuka. Mjomba aliponiuliza nikasema sijasikia."

Mama yake aliweka chini kigoda cha kukamulia, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake taratibu. Burgi angependa kupigwa kofi kuliko kusikia mlango ule.

"Kwa nini?" mjomba aliuliza.

"Veit angenicheka. Wangesema tena Yona."

"Veit alisikia?"

"Alisikia. Alisema ni tumbo lake."

Mjomba alimaliza fundo la kamba. Alikuwa mtu asiyejua kusema maneno laini, wala hakujaribu.

"Kicheko cha Veit kina uzito gani, Burgi? Kipime. Sasa upime mguu wa kaka yako."

Burgi alilia.

"Lia, ni haki yako. Lakini sikiliza. Mimi nililichimba shimo langu juani ilhali njia ya kaka yako ilipita kivulini. Nilikuwa na hamu kama nyinyi, nikachimba mahali ambapo nilijua nitapata jibu nililolitaka. Halafu nikamwachia mtoto mzigo uliosalia. Hilo nitalisema mbele ya watu Jumapili. La kwako utamwambia Korbinian wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

Alimwambia. Korbinian alikuwa amelazwa hospitalini, mguu wake ukiwa umeinuliwa kwa vyuma. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulisikia," alisema.

"Nilisikia, kaka."

"Na mimi nilikuwa mbele yako, napita."

"Ndiyo."

Aligeuza uso ukutani. "Nenda nyumbani, Burgi."

Mjomba alitimiza ahadi yake. Alisimama mlangoni mwa kanisa na kukiri kosa lake, na kuanzia siku hiyo baadhi ya wazazi hawakumpa tena watoto wao awaongoze. Veit alilazimishwa na baba yake kukiri lake. Majira yakapita. Korbinian alirudi nyumbani, akajifunza kutembea, akawa anamwomba mama chumvi hata kama chumvi ilikuwa mbele ya Burgi. Hakumtukana dada yake. Hakumwambia lolote. Hivyo ndivyo walivyoishi katika nyumba moja, kutoka theluji hadi majani na kutoka majani hadi theluji.

Novemba iliyofuata mjomba aliwachukua Burgi na Veit peke yao. Mama aliruhusu bila kusema ndiyo. Walipokuwa mitini, chini ya uwanda ule ule, theluji iliguna tena, hafifu kuliko mara ya kwanza. Mtu angeweza kudhani ni tawi. Mjomba hakungoja kufika ukingoni. Alisimama pale pale.

"Burgi. Umeona nini? Umesikia nini?"

"Nimesikia wumm. Turudi."

Veit alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena. "Hata mimi nimesikia," alisema kwa sauti ya chini. Wakarudi.

Schattkar haikuporomoka. Siku mbili baadaye wageni waliokuwa wamepanga katika nyumba ya wageni waliiteremka, na alama za skii zao zikaonekana waziwazi kutoka dirisha la jikoni, zimepinda vizuri kama mwandiko wa mwalimu. Korbinian alisimama dirishani, akaegemea fimbo yake, akazitazama. Mjomba alikuwa mezani akinywa supu. Burgi alikuwa akiosha vyombo.

"Burgi," Korbinian alisema.

Sahani ilimponyoka mkononi ikazama majini.

"Zile ni zenu?"

"Si zetu. Ni za wageni. Sisi tulirudi."

"Nani alisema mrudi?"

"Mimi."

"Na haikuporomoka."

"Haikuporomoka, kaka."

Korbinian aliendelea kutazama nje. Jua lilikuwa likimwangaza usoni, na uso wake haukuwa wa mtu aliyesamehe. Ulikuwa wa mtu aliyechoka kubeba. Hatimaye alijongea mezani, akavuta kiti chake kwa mkono mmoja, kisha kwa ncha ya fimbo akasukuma kidogo kiti cha pili.

"Kaa," alisema. "Supu inapoa."

Mjomba Wendelin aliweka kijiko chini.

"Wapo watakaosema kijijini kwamba msichana huyu ametangaza uongo mara ya pili," alisema. "Waache waseme. Ninawi haikuangamia, na Yona alinuna kwa sababu alilithamini jina lake kuliko watu wa mji. Usinune, Burgi, na usinyamaze. Anayeonya kweli hadai mlima uanguke ili aaminiwe. Anachodai ni kwamba jioni kila aliyetoka nyumbani awe amerudi kuketi mezani."

Kisha akaomba mkate, na Burgi akampa.