Doa la Namba Kumi na Saba

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Jumamosi ya uchaguzi, foleni ya wapiga kura katika shule ya msingi ya West End, Brisbane, ilikuwa imefika langoni, na kwenye meza ambapo wazazi wa shule huwauzia wapiga kura mkate na soseji ilikuwa imebaki soseji moja.

Anthea Kouris alikuwa ameshaishika. Alivaa gauni la kitani la kijani na miwani mikubwa ya jua. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu, shati lake la kazi limefifia mabegani.

"Dada, hiyo ilikuwa yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu niiote jana."

"Ndoto hazipangi foleni." Anthea aliikata katikati pamoja na mkate wake. "Shika. Huu upande una sosi kidogo, usije ukachafua kura."

Jina lake Rowan Maddock, fundi wa mapaa. Walikula wamesimama.

"Na wewe unafanya nini, mbali na kupora soseji?"

"Namulika watu, halafu nasikiliza."

"Mwanga hauna sauti."

"Ukimulika kwa leza kitu cheusi kilicho ndani ya mwili, kinapata joto, kinatanuka kidogo sana na kutoa sauti. Sikio lako halisikii. Mashine yangu inasikia na kuchora picha. Kadiri kitu kilivyo cheusi, ndivyo kinavyopiga kelele."

"Unatafuta kitu gani cheusi?"

"Saratani ya ngozi iliyohamia kwenye tezi."

Rowan aliacha kutafuna. Baba yake, fundi wa mapaa pia, alikufa kwa ugonjwa huo. Uligunduliwa kwapani wakati hakuna tena la kufanya.

"Nipe namba yako," alisema. "Kuna nusu ya soseji nitakudai."

Miezi minne baadaye walikuwa wakilala nyumba moja siku tatu kwa wiki. Utafiti wa Anthea ulihitaji watu wazima wasio wagonjwa, Rowan akajitolea. Kwa kuwa walikuwa wapenzi, alipimwa na Sista Sina, muuguzi wa utafiti, na Anthea angeletewa picha zenye namba tu. Fomu iliuliza: una tatuu, au uliwahi kuwa nayo? Rowan alitia alama kwenye hapana.

Jumanne iliyofuata Anthea aliona doa jeusi la milimita sita kwenye tezi ya kwapa la kushoto la namba kumi na saba. Aliandika barua ili mhusika aitwe haraka, kisha akaenda kula chakula cha mchana.

Barua ilimfikia Rowan Alhamisi.

"Uko wapi, mpenzi?" Anthea alimuuliza kwenye simu siku ya pili yake.

"Juu ya paa."

"Saa moja na nusu usiku?"

"Kazi imechelewa."

"Unapigilia misumari kwa jua lipi?"

Simu ilikatika. Katika wiki moja Anthea alipiga mara kumi na moja, zikapokewa mbili. Kwa takwimu hizo alihitimisha kwamba kuna mwanamke mwingine. Hitimisho lilifuata sawasawa kutoka kwenye takwimu, ila halikuwa kweli.

Siku ya tisa Rowan alikuja mwenyewe, hajanyoa, kofia mkononi.

"Tuachane," alisema akiwa bado mlangoni.

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo uliyempata."

Rowan alimtazama, akatoa barua mfukoni. Anthea alisoma mstari wa kwanza. Aliutambua, kwa sababu aliuandika yeye.

"Namba kumi na saba ni wewe."

"Nilimuuguza baba miezi saba, Anthea. Sitaki wewe uifanye kazi hiyo."

Anthea alikaa kwenye ngazi.

"Uliwahi kuchora tatuu?"

"Niliandika hapana."

"Sijauliza uliandika nini."

Rowan aliizungusha kofia mara mbili. "Moja. Ilifutwa kwa leza, mara nane. Haipo kabisa."

"Wapi?"

"Bega la kushoto."

"Tatuu ya nini?"

"Jina."

"La nani?"

"Kirrily. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, usinitazame hivyo. Niliona aibu, nikajua utakuja kuisoma fomu."

"Rowan, wino haupotei hewani. Leza inauvunjavunja, mwili unaubeba na kuumwaga kwenye tezi ya karibu. Kwapani."

"Kwa hiyo si saratani."

"Sijasema hivyo. Tulimulika kwa rangi mbili tu za mwanga, na kwa hizo wino na saratani zinalia karibu sawa. Rangi zikiwa sita, sauti ya saratani inashuka kadiri mwanga unavyozidi wekundu. Ya wino haishuki sana."

"Basi nimulike."

"Si mimi. Nikikupima mimi nitaona ninachotaka kuona. Atapima Bhavin, mwenzangu wa maabara, na sitamwambia kitu."

"Unataka kuona nini?"

"Jina la huyo mwanamke," alisema Anthea. "Herufi zote."

Jumatatu Bhavin alimulika kwa rangi sita. Sauti ilishuka kidogo tu. Aliandika: yaelekea wino. Anthea alilisoma neno "yaelekea" mara tatu na hakumpigia Rowan. Jumatano daktari alichoma sindano kwenye tezi na kunyonya chembe.

Ijumaa, saa kumi kasoro robo alasiri, walikuwa garini nje ya hospitali simu ya Rowan ilipolia. Aliifungulia spika.

"Bwana Maddock, Sista Sina hapa. Umekaa?"

"Nimekaa, Sista."

"Majibu ya sindano: wino mweusi. Saratani hakuna. Tutakuangalia tena baada ya miezi mitatu, utaratibu tu. Na siku nyingine ukipewa fomu, kaka yangu, jaza ukweli. Umenitia tumbo joto wiki nzima."

"Nisamehe, Sista."

"Mwambie huyo aliye pembeni yako apumue. Namsikia."

Rowan alilaza paji la uso kwenye usukani. Anthea alivua miwani, akalia dakika nne hivi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Endesha."

"Bado. Nikuoe?"

Anthea alivaa miwani. "Kwa sharti moja. Jina langu usilichore popote."

"Hata kwenye cheti cha ndoa?"

"Hapo tu."

Saa kumi kasoro dakika tano Rowan aliwasha gari.