Vikombe Vinne kwa Mgeni Mmoja

Jioni ile nilikuwa na vyumba kumi na viwili vya kuandaa kabla wageni hawajalala. Kufunga mapazia, kukunja shuka upande mmoja, kuweka ndara kando ya kitanda... kazi ya kila siku ya sisi wasafishaji wa hoteli hapa Doha. Adhana ya magharibi ilikuwa ndiyo inaanza. Msimamizi wangu Sabra, mama wa Kizanzibari anayejidai hapendi umbea, alinivuta kando ya lifti.

"Kerubo, mwanangu. Yule bwana wa chumba mia tisa na nne yuko peke yake, lakini kila magharibi huagiza vikombe vinne vya chai. Na vinarudi vina masizi."

"Masizi?"

"Kwenye vishikio. Miye sijui anapika nini humo ndani. Nenda kafanye kazi yako, utoke upesi."

Bwana huyo nilimjua. Ni mbunge wetu, Mheshimiwa Cyrus, aliyekuja kuzungumza na Wakenya wanaofanya kazi huku. Muda mfupi kabla nilikuwa nimepita na toroli langu nje ya ukumbi wa chini, nikamsikia akinguruma kwenye kipaza sauti: "Tutang'oa uchawi na mizizi yake! Mswada wangu uko tayari!" Watu wakapiga makofi. Mimi nilisimama pale na taulo mkononi.

Sauti hiyo ndiyo iliyomuua nyanya yangu.

Nilimjengea nyanya nyumba ya mabati kwa mshahara wa huku. Hilo ndilo kosa langu. Majirani wakaanza kuuliza kizee asiye na hata mbuzi amepata wapi mabati mapya. Mheshimiwa alikuwa kwenye kampeni, akawajibu jukwaani kwamba mchawi haombewi, mchawi huchomwa. Siku ya tatu wakamchomea nyanya ndani ya nyumba ileile. Nilipewa likizo nikaenda kuzika, na mazishini Mheshimiwa alikaa kiti cha mbele, akijifuta machozi kwa kitambaa cheupe.

Tulimzika bila mkono wa kushoto. Mama alichakura majivu siku mbili asiupate, na tangu hapo halali. Kila giza likiingia, anasema, nyanya hugonga mlango akiulizia mkono wake.

Nikabisha mara tatu. Kimya. Nikafungua kwa kadi yangu.

Harufu ilinipokea mlangoni. Mafuta ya taa... na nywele zilizoungua.

Mezani palikuwa na vikombe vinne. Kimoja kilikuwa kimejaa, hakijaguswa. Vitatu vilikuwa vitupu, vishikio vyake vyeusi tii. Na Mheshimiwa alikuwa bado chini, akipiga picha na watu.

Ngo... ngo... ngo...

Mlio ulitoka kwenye mkoba wa ngozi kando ya kitanda.

Sheria ya kwanza ya kazi yetu ni kutogusa mzigo wa mgeni. Lakini zipu ilikuwa wazi kidogo, na kwenye upenyo ule niliona pindo la leso ya buluu yenye korosho. Leso ile niliinunua mwenyewe kwa mshahara wangu wa kwanza, nikamtumia nyanya. Korosho moja ilikuwa na doa la wino, ndiyo maana nikapunguziwa bei. Doa lilikuwa palepale.

Nilivuta zipu. Ndani kulikuwa na vifurushi vitatu, kila kimoja na leso yake. Nikachukua cha buluu. Kitu ndani ya kitambaa kikanishika kidole. Hakikubana. Kilinishika tu, vile nyanya alivyokuwa akinishika tukienda sokoni.

Vile viwili vilivyobaki vikaanza kukwaruza. Polepole kwanza. Kisha kwa pupa.

Nikafunga zipu.

Mlango ukalia... piii. Mheshimiwa akaingia, akaona nilichoshika, akaurudisha mlango taratibu mgongoni mwake.

"Wewe ni wa kwetu," alinong'ona, macho kwenye beji ya jina langu.

"Hii ni ya nyanya yangu."

"Weka chini, msichana. Hujui hiyo kitu inakula nini."

Niliogopa, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. "Piga simu mapokezi, Mheshimiwa. Waambie nimeiba nini."

Jasho lilimtoka katika chumba chenye baridi ya kiyoyozi. Kisha akavua saa yake ya dhahabu, akaitia mfukoni, akainua simu. Kwa sauti ya huzuni kabisa, ileile ya mazishini, akasema msafishaji amemwibia saa.

Walinipekua. Wakapekua na kitanda changu katika bweni letu la wafanyakazi huko Muaither. Mlinzi aliikunjua leso mbele yangu, akaikung'uta mara mbili. Haikuwa na kitu, akanirudishia. Saa haikupatikana, lakini kazi ilikwisha, na kabla ya Ijumaa nilikuwa kwenye ndege.

Nyumbani, mama aliipokea leso na magoti yakamkunjika kwa uzito wake. Tuliizika kando ya kaburi la nyanya kabla ya jua kuzama. Nilimsimulia yote, ila ya zipu sikumwambia, wala sijamwambia mtu yeyote. Usiku ule mama alilala, akakoroma, nami nikalia kwa furaha peke yangu jikoni.

Jana tulimwona Mheshimiwa kwenye televisheni. Amesifiwa bungeni kwa mswada wake wa kupiga vita uchawi. Aliinua mkono kuomba dua, na saa ya dhahabu ikametameta.

Nilizima. Giza lilikuwa linaingia.

Ngo... ngo... ngo...

"Usifungue, mama," nilisema. "Tulishazika."

Alikwenda kufungua. Nilimsikia akinong'ona na mtu kwa muda. Harufu ya mafuta ya taa ikaingia hadi nilipoketi. Aliporudi hakuwa na rangi usoni.

"Ni vikongwe wawili. Siwajui. Kila mmoja ameficha mkono ndani ya shuka."

"Wanataka nini?"

Mama alinitazama kama mtu asiyenijua.

"Wanauliza kwa nini ulifunga zipu."