Pigo la Kumi na Tatu la Shangazi Angustias

Jumanne hiyo mtaa wa Santiago ulikuwa umejilalia usingizi wa mchana, kama kawaida ya mji wetu wa Jerez mwezi wa saba. Madirisha yamefungwa, mbwa wamejibwaga vivulini. Aliyekuwa macho ni Salud peke yake. Alikaa jikoni, simu sikioni, penseli mkononi, akiandika miguu ya marehemu.

Na hii si habari ya kuokota njiani. Imetoka kinywani mwa Frasquito, binamu yake, mpiga gitaa, na anayebisha aende akaupapase ubao wa jukwaa mwenyewe.

Shangazi Angustias alicheza soleá ya ukoo wao, ngoma ya gitaa na vishindo vya visigino, miaka sitini, na kamera hakuitaka hata kuiona. "Mimi si dagaa wa kutiwa kwenye kopo!" alikuwa akifoka. Salud alijifunza kwa kumtazama, ila mwisho wa ngoma ulikuwa ukimponyoka kila mara. Siku moja akaficha simu chini ya kiti, akanasa mlio wa viatu tu. Mwezi uliofuata shangazi akafa. Jumapili ya wiki hiyo ilikuwa kumbukumbu yake kwenye klabu ya ngoma ya mtaa, na Salud akiikosa ngoma ile, hakuna mwingine anayeijua.

Karatasini alichora: duara, unyayo. Msalaba, kisigino. Soleá huenda kwa mapigo kumi na mawili. Mtoto wa Santiago huyajua kabla hajaota meno. Lakini baada ya pigo la mwisho, kimya kimeshatanda, mle simuni kulikuwa na kisigino kimoja zaidi. Kizito.

Akamwita Frasquito.

"Sikiliza, binamu. Kumi na tatu."

"Bibi wa miaka themanini na moja yule. Alijikwaa."

"Angustias? Ajikwae?"

"Basi futa! Unataka watu wacheke kwamba alitoka nje ya mapigo?"

Salud akaufuta ule msalaba. Sasa, kwetu Jerez, afadhali umtukanie mchezaji mama yake kuliko kumwambia ametoka nje ya mapigo. Hawa wamemwambia maiti.

Jumatano akasikiliza tena ili akariri. Kisigino kilikuwa karibu zaidi, kama mtu aliyeisogelea simu hatua moja. Alhamisi, karibu zaidi. Ijumaa akasikia na pumzi. Jumamosi akaizima simu, akaifungia kabatini. Kigae cha jikoni kikagongwa chini ya unyayo wake, palepale alipokanyaga.

"Mrudishie pigo lake," Frasquito akanong'ona Salud alipomsimulia.

"Nicheze kumi na tatu mbele ya wazee wa Santiago? Wanizomee? Sithubutu."

Jumapili, saa saba mchana, klabu ilifurika. Salud alicheza mpaka wanawake wakashika vifua. Mikono ya shangazi kabisa. Shingo ya shangazi. Akaufikia mwisho. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Akasimama. Gitaa likanyamaza. Hakuna aliyepiga kofi.

"Ongeza," Frasquito akanong'ona bila kugeuza kichwa. "Ongeza moja, Salud."

Akainua mguu. Mguu ukakataa kushuka.

Na kisigino kikalia. Kutoka chini ya mbao.

"Olé, Angustias!" mzee wa mstari wa mbele akaropoka, kisha akajiziba mdomo.

Tangu siku hiyo Salud hakumbuki hata hatua moja. Ukimwambia ainue mikono, huitazama kama ya mtu mwingine. Ile sauti kwenye simu ni ukimya mtupu, dakika saba. Ngoma imeondoka na mwenyewe.

Jumatatu walikagua jukwaa. Mbao zimelala juu ya zege, hata sisimizi hapiti. Lakini pale katikati ubao ulikuwa umevimba, umesukumwa kwenda juu, kwa umbo la kisigino kidogo cha mwanamke. Alama za misumari ya kiatu zinahesabika.

Wameusugua kwa msasa mara tatu. Mara tatu umevimba upya. Mara ya mwisho Frasquito alipoweka kiganja, ulikuwa na joto, kama kiatu kilichovuliwa sasa hivi.