Mshona Kola

Kila asubuhi, kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, mama yake Kidoti alikuwa tayari amepiga pasi sare ya binti yake na kuvaa shingoni kitambulisho chake cha kazi. Kidoti alikipenda kitambulisho kile kuliko mkufu wa dhahabu. Waliongozana mpaka lango la kiwanda, mama akaingia na wenzake, naye akavuka barabara kwenda shuleni.

Kidoti aliitwa hivyo kwa sababu ya alama nyeusi shavuni mwake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa ulimi.

Kiwanda kilikuwa cha mashati. Wawekezaji kutoka nchi ya mbali walikijenga miaka kumi iliyopita. Serikali iliwapa ardhi, ikawawekea lami mpaka mlangoni, ikawasamehe kodi kwa miaka kumi. Wanawake mia sita walipata kazi, na mji ukachangamka. Mashati mazuri yalipakiwa kwenye makontena kwenda nje. Yenye kasoro yaliuzwa sokoni kwa bei ya kutupa.

Mashati hayo ya kutupa ndiyo yaliyommaliza fundi cherehani aliyekuwa na kibanda nyuma ya shule. Nani apeleke kitambaa kushonewa wakati shati zima liko sokoni kwa bei ya kifungo? Binti wa fundi alisoma darasa moja na Kidoti. Alikuwa mwembamba, wenzake wakambandika jina la Kibiriti.

Siku moja mwalimu wa maarifa ya jamii aliwafundisha habari za mtaji.

"Mtaji wa nje ukiingia kwetu, unaweza kuleta kazi, mashine na ujuzi," alisema. "Na mtaji wetu nao unaweza kutoka. Mnamjua Bwana Sabuni, mwenye kiwanda cha sabuni hapa mjini? Amejenga kiwanda cha pili ng'ambo ya mpaka."

"Si anatuhamishia mali yetu, mwalimu?" aliuliza mvulana mmoja.

"Inategemea. Akifunga hapa ili afungue kule, tumepoteza. Lakini faida ikirudi nyumbani, na akiagiza vitu vyake kutoka huku, tunapata. Kwa anayeingia na anayetoka, ulizeni hivi: kinabaki nini? Sasa, nani atanipa mfano wa mtu aliyeumizwa na kiwanda cha wageni?"

Kidoti alinyoosha mkono. "Baba yake Kibiriti, mwalimu. Siku hizi amebaki na mteja mmoja tu, sketi ya binti yake. Kila wiki inataka kiraka."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe alicheka kabla hajajizuia, kisha akakohoa na kugeukia ubao. Kibiriti hakulia. Aliweka kiganja juu ya kiraka cha sketi yake, akakiacha hapo mpaka kengele ilipolia.

Miezi mitatu baadaye, Jumatatu, king'ora hakikulia.

Kidoti na mama yake walikuta wanawake wamejaa langoni. Mnyororo mpya ulikuwa umefungwa. Mlinzi, ambaye kila siku alikunywa chai ya kina mama hao, aliwatazama kama watu asiowajua. Alisema mashine zimebebwa Jumamosi na Jumapili, na wasimuulize zaidi.

Gari la meneja lilipotoka, mama yake Kidoti alilikimbilia, akashika kioo kilichokuwa wazi.

"Bosi, miaka kumi. Hata kuagana?"

Meneja hakukasirika. Alisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Mama, msamaha wa kodi umekwisha. Tunakokwenda wametupa miaka kumi na mitano. Mikono ipo kila mahali." Akapandisha kioo taratibu, na mama akaondoa vidole vyake kimoja kimoja visibanwe.

Kuanzia siku hiyo mama alizunguka mjini kutafuta kazi ya kushona. Kila duka alilokwenda, mazungumzo yalikuwa yaleyale.

"Unajua kushona nini?"

"Kola."

"Na mikono? Mifuko? Kukata kitambaa, je?"

Mama aliaga, akaenda duka lingine. Kwa miaka kumi alikuwa ameshona kola tu, maelfu kwa maelfu, na hakuna siku hata moja aliyoonyeshwa shati linaanzia wapi. Nyumbani pasi iliuzwa, kisha redio, kisha kitanda cha Kidoti. Mlo ukawa mmoja kwa siku.

Shuleni habari hazikuchelewa. Mvulana mmoja alijizungushia karatasi shingoni, akatembea kifua wazi mbele ya darasa akiuliza, "Jamani, shati langu liko wapi?" Kidoti akaitwa Kola tangu siku hiyo. Alimtazama Kibiriti, akitegemea kumwona anacheka. Kibiriti alikuwa anamwangalia tu, kama mtu anayesoma tangazo ukutani.

Kisha ikasikika kwamba Bwana Sabuni amempa fundi kazi ya ovaroli mia nne za wafanyakazi wa kiwanda chake cha ng'ambo. Fundi ndiye aliyewashonea wafanyakazi wa kwanza wa Bwana Sabuni, na mzee yule hakupenda kubahatisha. Fundi alihitaji mikono. Mama alimchukua Kidoti, wakaenda kibandani.

"Shikamoo, fundi," Kidoti alisema.

"Marahaba," fundi alijibu bila kuinua macho. Alimpa mama kitambaa na mkasi. "Haya, kata."

Mama alishika mkasi, akapima kwa macho huku na huku, asijue pa kuanzia. Akauweka mkasi chini. Fundi akampa kipande kidogo ashone kola. Mama alimaliza kabla fundi hajavaa miwani yake vizuri.

"Kola yako inaipita yangu," fundi alisema. "Lakini hakuna mtu anayevaa kola peke yake. Miaka kumi, mama Kidoti, na wamekurudisha kama walivyokuchukua." Kisha akamgeukia mtoto. "Huyu ndiye wa viraka?"

Kidoti aliona ardhi imekataa kupasuka.

"Viraka gani?" mama aliuliza. Akamgeukia binti yake. "Kidoti, nakuuliza wewe. Ulisema nini?"

"Nilisema vibaya, mama."

"Sikuuliza kama ni vibaya. Yaseme maneno yenyewe, mbele ya fundi, kama ulivyoyasema darasani."

Kibiriti alikuwa mlangoni, ameshika kopo la vifungo. Kidoti aliyasema yote, kiraka, wiki, na mteja mmoja. Kibandani mle, ambamo hapakuwa na wa kucheka, maneno yale yalisikika hadi herufi ya mwisho. Alipomaliza alikuwa analia.

"Naomba mnisamehe."

"Mimi nina kazi nyingi, nimeshasamehe," fundi alisema. "Mwenye sketi yule pale. Muulize mwenyewe."

Kibiriti aliweka kopo chini. "Nimesikia," alisema. "Ila bado sijasamehe."

Hakuna mkubwa aliyemlazimisha.

Mama alianza siku ileile. Fundi hakuwa na maneno laini. Mshono ukipinda upana wa sindano moja, alisema, "Fumua." Kuna siku mama alifumua mfuko mmoja mara saba, vidole vikatoka damu, na fundi akamwambia asichafue kitambaa cha watu. Mama alifumua, akashona, akafumua tena. Mwisho wa mwezi wa pili alikata ovaroli nzima peke yake, akaishona kuanzia pindo hadi kola. Wenzake wawili wa kiwandani wakaja nao kujifunza, na safari hii mama ndiye aliyekuwa anasema, "Fumua."

Baada ya masomo Kidoti alikaa benchi moja na Kibiriti wakishona vifungo. Wiki za mwanzo hawakusemeshana. Baadaye Kibiriti alianza kumwambia, "Nipe uzi," au "Hicho kimelegea." Si zaidi ya hapo.

Ovaroli ya mwisho ilipokunjwa, fundi alisema Bwana Sabuni ameagiza mia sita nyingine, na kina mama wote watatu watabaki kazini. Nyumbani kwa Kidoti kulikuwa kumesharudi milo miwili.

"Kumbe mtaji wa kwenda nje ndio mzuri," Kidoti alisema kwa furaha. "Wa kuja ndio mbaya."

Fundi alivua miwani. "Nani kakwambia? Wale wageni walileta kazi kweli, na mlikula. Kosa letu ni kuwapokea kama wakwe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tungewaambia mapema: fundisheni watu shati zima, nunueni pamba ya wakulima wetu, lipeni kodi kama sisi. Wangeondoka, wangetuachia kitu. Hawakuacha, kwa sababu hatukudai."

Aliishika ovaroli moja, akaipapasa mshono.

"Na hizi zinakwenda nchi ya watu. Huko kuna fundi kama mimi, ambaye kazi hii ingekuwa yake. Leo amekaa kibandani kwake, hana cha kushona. Simjui. Huenda naye ana binti."

Kibiriti aliacha kukunja uzi.

"Sasa tuache, fundi?" Kidoti aliuliza.

"Hatuachi. Nasi tunataka kula," fundi alisema, akarudisha miwani yake machoni. "Ila hatumcheki."