Nyundo za Ghorofa ya Nne

Nyundo ziliendelea baada ya mafundi kwenda zao. Hilo ndilo lililomshtua Tahiya, mjane mshona nguo wa mtaa wa Anfushi, Aleksandria. Mwezi mzima Haji Shauqi, mwenye nyumba, alikuwa amewaweka mafundi wabomoe bafu la ghorofa ya nne, juu ya kichwa cha Tahiya, ili achoke ahame mwenyewe. Adhuhuri hiyo aliwaona wakitoka na mikoba yao ya vifaa. Ko. Ko. Ko. Nyundo zikaanza tena, na harufu ya nywele zilizoungua ikashuka kwenye bomba.

Akapanda juu. Hapakuwa na mtu. Tundu la maji machafu lilikuwa limepasuliwa na kumwagiwa maji ya moto, na ndani yake mwanamke alikuwa akilia kwa kwikwi.

"Nani kamuua mwanangu?"

Tahiya akajua ni jini, na kwamba maji yale ya moto ndiyo yaliyomuunguza mtoto wake. Angeweza kukimbia. Lakini hasira ya mwezi mzima ilimpanda, akanong'ona, "Si mimi, dada. Mimi mpangaji tu, kama wewe. Ni Shauqi."

Kilio kikakatika ghafla.

Wiki iliyofuata shauri alilomfungulia Shauqi kwa kelele zile likasikilizwa mahakamani.

"Mpangaji ana haki ya kukaa kwa utulivu," hakimu alisema. "Haji, ulimpigia kelele, hukumpigia?"

"Wallahi, mheshimiwa, huyu mama kazeeka. Masikio yake ndiyo yanayopiga kelele!"

Watu wakacheka. Shauqi naye akacheka, kisha akashika kifua, kwa sababu kutoka ndani ya mbavu zake ilianza kusikika, taratibu kwanza, halafu kwa nguvu, halafu kwa nguvu zaidi, ko, ko, ko, mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka na karani akaangusha kalamu, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa ukumbi, na kila alipofumbua mdomo aombe maji ikatoka sauti ya nyundo ikigonga jiwe.

Tahiya alishinda. Mafundi hawakurudi tena.

Shekhe aliitwa nyumbani kwa Shauqi, akamsomea Kurani siku tatu. Ya nne akafunga mkoba wake. "Nimemwamuru jini atoke," alimwambia mke wa Haji kwa sauti ya chini. "Kanijibu kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa."

Ndipo mke huyo, Nagat, alipokuja mlangoni kwa Tahiya, macho mekundu. "Tuhalalishie, mama wee. Kila kijiko cha supu anakitema na vumbi la saruji. Msamehe, nakuomba."

Tahiya alishika kitasa cha mlango. Alijua ni nani aliyelitaja jina la Shauqi kwenye tundu lile. Hakujuta.

"Mimi nimeshamsamehe," alisema. "Kamwombeni mwenye mtoto."

Akafunga mlango, akarudi kwenye cherehani yake. Nyumba ilikuwa kimya kabisa, na juu, ghorofa ya nne, mtu alikuwa akifagia polepole, kama mama anayeandaa chumba cha matanga.