Mashine Iliyokimbiwa na Mafundi

Kila alipotoka shule, Violeth alivua sare, akanywa uji uliopoa, akaenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya mama yake hapo Kharumwa. Kazi yake ilikuwa kufagia pumba zilizotapakaa sakafuni. Mama aliziuza kwa wafugaji, na debe moja lilikuwa la kuku wa Violeth mwenyewe. Ndiyo maana madirisha yote mawili yalizibwa kwa magunia. Yangeachwa wazi, upepo wa kiangazi ungepeperusha pumba hadi barabarani, na mama yake, Paskazia, hakuwa mtu wa kutazama mali yake ikiruka hivi hivi.

Mwaka huo wa 1995 Violeth alikuwa darasa la sita, na mashine ilianza kukimbiwa na watu. Wa kwanza kuondoka alikuwa fundi Nkwabi, aliyeiendesha kwa miaka sita. Nkwabi aliijua mashine ile kwa kuisikiliza tu. Ikibadili mlio kidogo, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye skrubu ya kulegeza. Siku moja akahamia kwenye mashine ya mzee Gulamali, upande wa pili wa soko.

"Gulamali kamrubuni!" mama alifoka. "Miaka yote hiyo niko naye, leo ananigeuka. Hana shukrani hata chembe!"

Aliyasema hayo nyumbani, akayasema kisimani, akayasema na sokoni. Violeth aliendelea kufagia.

Akaja Adam. Alikaza mashine kupita kiasi, mchele ukatoka chenga tupu, na baada ya wiki mbili akaaga akisema kifua kinambana. Akaja Eustace, macho mekundu, anakohoa kutwa. Kila mgeni, Violeth ndiye aliyemwonyesha pa kumimina dizeli na namna ya kupepeta mpunga kutoa mawe. Hesabu za shule zikabaki bila kufanywa, na mwalimu akamchapa.

"Nimechoka!" alimwambia mama yake, machozi yakimlenga. "Kila siku fundisha, kila siku fundisha! Kwani hawa watu wana nini?"

"Wavivu tu," mama alijibu kwa hasira. "Vijana wa siku hizi hawataki kazi."

Alhamisi moja Makoye, mfanyabiashara aliyepeleka mchele kwenye machimbo ya dhahabu, alifungua gunia mbele yao. Yeye ndiye mteja mkubwa, na bila yeye mashine ingefungwa.

"Mama Violeth, hebu tazama hizi chenga. Wachimbaji wananirudishia, wanasema nawauzia chakula cha vifaranga. Jumatatu nikikuta hivi tena, nahamia kwa Gulamali."

Kesho yake Eustace hakutokea. Paskazia alijifunga kanga kiunoni, akaiwasha mashine mwenyewe. Haikupita saa moja akatoka nje akiyumba, mweupe kwa vumbi tangu nywele hadi nyayo, akakohoa hadi akakaa chini.

"Jamani! Humo ndani mtu anapumuaje?" alisema alipopata sauti. "Mimi huingia kuchukua mchele na kutoka. Nkwabi kakaa humo miaka sita! Mbona hakusema?"

Violeth aliweka ufagio chini.

"Alisema, mama."

"Alisema lini?"

"Ulipokwenda Isaka kufuatilia lori. Alinituma nikwambie kifua kinamuuma, na kwamba madirisha yakifunguliwa atabaki. Ukirudi ukanyamaza, atajua umekataa. Sikukwambia. Niliogopa kuku wangu watakosa pumba."

Mama hakuinua mkono.

"Yaani mimi nimemtangaza mtu wa watu soko zima kwamba hana shukrani, kumbe wewe umeukalia ujumbe wake! Simama. Twende."

Kwa Gulamali madirisha yalikuwa wazi, na bomba la bati lilipeleka pumba moja kwa moja kwenye kibanda cha nje. Hata punje haikupotea. Violeth alipiga goti mbele ya Nkwabi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Violeth akaeleza kila kitu. Nkwabi akatikisa kichwa.

"Nilijua mama yako amenidharau. Iliniuma sana."

"Nisamehe, Nkwabi," Paskazia alisema. "Rudi, tafadhali."

"Nimekusamehe. Ila siwezi kumwacha mzee katikati ya msimu. Kesho jioni nitakuja kukufungia bomba na kumfundisha kijana utakayemweka. Mengine tutaongea mavuno yakiisha."

Mzee Gulamali alicheka kwenye kiti chake. "Mama Violeth, watu wangu wengine wana miaka kumi na moja hapa. Unadhani nawapa nini? Hewa tu!"

Jioni hiyohiyo Violeth aliyang'oa magunia madirishani kwa mikono yake. Eustace aliposikia, akarudi mwenyewe, na Jumamosi Nkwabi akafunga bomba, akamfundisha kusikiliza mlio. Jumatatu Makoye alitafuna punje mbili tatu, akachungulia kiganja chake, akaita wapakiaji wapakie.

Lori lilipoondoka, mama alimkalisha Violeth kando yake.

"Mashine niliinunua mara moja tu, mwanangu, lakini watu nawatafuta kila wiki. Nilikuwa nalinda pumba, napoteza mafundi. Mtu anayeumia kazini akiondoka, anaondoka na ujuzi wake, na wateja wanamfuata. Hilo ni kosa langu. Lako unalijua."

"Nalijua, mama. Ujumbe haukuwa wangu kuukalia. Nkwabi atarudi?"

"Sijui. Sasa hilo ni juu yake. Ila Eustace yupo, na siku akikutuma neno kwangu, nataka kulisikia kabla hujakaa chini."